Herufi na Ngoma: Kanisa na Chimbuko la Fasihi ya Wasami

Katika masomo yetu ya historia ya Kanisa tumezoea kuzitazama nchi za Skandinavia kama nchi zilizotuma wamisionari. Mwaka 1844 Hans Schreuder wa Norwei alifika Natal ili kuwahubiri Wazulu. Mwaka 1870 Wafini walifika Ovambo, kaskazini mwa nchi iitwayo leo Namibia. Sharika nyingi za Kilutheri za Afrika Mashariki nazo zinawakumbuka Waswidi, Wanorwei, Wadenmark na Wafini waliofanya kazi kati yao. Jambo tusilolisoma mara nyingi ni kwamba makanisa hayo hayo yalikuwa na shamba la misioni nyumbani kwao, tena kwa zaidi ya miaka 200 kabla ya Schreuder kupanda merikebu. Shamba hilo lilikuwa nchi ya Wasami.

Wasami ni wenyeji wa kaskazini ya mbali ya Norwei, Uswidi na Finland, pamoja na rasi ya Kola iliyo katika Urusi. Wao wenyewe huiita nchi yao Sápmi. Majirani zao waliwaita Walapp, jina ambalo sasa huhesabiwa kuwa la dharau. Picha za vitabuni huwaonyesha wakichunga reni, mnyama wa jamii ya kulungu anayefugwa kwenye theluji, lakini wengi wao tangu zamani ni wavuvi na wakulima wadogo wa pwani na wa kandokando ya mito. Lugha zao ni za jamii moja na Kifini, nazo ni kadhaa, wala si moja. Kisami cha Kaskazini ndicho chenye wasemaji wengi. Nyingine zina wasemaji wachache mno, na baadhi zimekwisha kufa.

Kuhusu chimbuko la fasihi ya watu hawa kuna masimulizi mawili yanayorudiwa. La kwanza husema kwamba Kanisa liliwakuta bila fasihi, likawapa herufi, na kwa hiyo fasihi yao ni zawadi ya misioni. La pili husema kwamba Kanisa liliiharibu fasihi yao, na kwamba walichonacho leo wamekiokoa kutoka mikononi mwake. Kila moja lina ushahidi wake, lakini mtu akiyachunguza maisha ya waandishi wenyewe ataona kwamba hakuna lililo sahihi peke yake. Wengi wa waliobeba fasihi ya Wasami hadi karne ya 20 walikuwa watu wa Kanisa: wanafunzi wa theolojia, wachungaji, na mfungwa mmoja aliyetafsiri Biblia. Waliitumia kalamu ya Kanisa, mara nyingi kwa mambo ambayo Kanisa halikuyaomba.

Vitabu vya kwanza

Vitabu vya kwanza vilivyochapishwa kwa Kisami vilitoka mwaka 1619. Viliandaliwa na Nicolaus Andreae, mchungaji wa Piteå katika Uswidi. Kimoja kilikuwa cha kufundishia kusoma, kingine cha ibada na nyimbo. Kisami chake kilikuwa kibovu, maana yeye hakuwa Msami. Mwaka 1632 ilianzishwa shule huko Lycksele kwa ajili ya vijana wa Kisami, na mwaka 1648 Johannes Tornaeus akatoa kitabu kikubwa zaidi cha ibada. Nia ya kazi hizi ilikuwa ya Kilutheri kabisa, nayo hatuna budi kuiheshimu: kila mtu asikie Neno la Mungu kwa lugha yake mwenyewe. Hata hivyo kwa wakati huo mkondo wa maneno ulielekea upande mmoja tu. Kisami kilitumika kuwaambia Wasami jambo, si kusikia wao wanasema nini.

Wa kwanza kusema alikuwa mwanafunzi. Olaus Sirma, kijana wa Kisami kutoka upande wa Sodankylä, alikuwa akisoma Uppsala wakati profesa Johannes Schefferus alipokuwa akiandika kitabu kikubwa juu ya nchi ya Wasami. Kitabu hicho kilitakiwa na wakubwa wa dola, kwa sababu adui za Uswidi walikuwa wameeneza uvumi kwamba ushindi wake katika Vita vya Miaka Thelathini ulitokana na uchawi wa Wasami. Schefferus aliagizwa kuukanusha. Akamwuliza Sirma juu ya nyimbo za kwao, na Sirma akamwandikia mbili. Zote ni nyimbo za mapenzi, moja ya safari ya majira ya baridi, ambamo mwimbaji anamhimiza reni wake amfikishe haraka kwa mchumba, na nyingine ya majira ya joto.

Kitabu cha Schefferus, *Lapponia*, kilitoka kwa Kilatini mwaka 1673, na katika miaka michache kikatafsiriwa kwa Kiingereza, Kijerumani, Kifaransa na Kiholanzi. Nyimbo za Sirma zilisafiri nacho. Mwaka 1712 zilisomwa London katika gazeti la *The Spectator*. Herder aliingiza nyimbo za Wasami katika mkusanyo wake wa nyimbo za mataifa wa miaka ya 1778 na 1779. Na katikati ya karne ya 19 mshairi Longfellow wa Marekani alichukua kutoka humo kiitikio cha shairi lake juu ya ujana wake, akakiri ndani ya shairi hilo kwamba ni cha wimbo wa Walapp.

Sirma mwenyewe alipata daraja, akatumika Enontekiö hadi mwisho wa maisha yake. Huko alitafsiri katekismo kwa Kisami cha kwao, lakini hakufaulu kuichapisha. Hebu msomaji alitafakari jambo hili. Nyimbo mbili za mapenzi alizomwandikia profesa zilienea Ulaya nzima, na katekismo aliyoitengeneza kwa ajili ya sharika zake ikabaki mkono wa karatasi. Kisami hicho alichoandika, kiitwacho cha Kemi, hakina msemaji hata mmoja leo. Kilikufa katika karne ya 19.

Ngoma iliyosomwa mahakamani

Katika miaka ile ile ambayo wasomi wa Ulaya walikuwa wakizifurahia nyimbo za Sirma, makanisa ya Uswidi na ya Denmark na Norwei yalikuwa yakikusanya ngoma. Ngoma ya Wasami ilitumiwa na noaidi, yaani mganga na mpiga ramli wao. Juu ya ngozi yake zilichorwa kwa rangi nyekundu ya magome ya mti alama nyingi: jua, reni, mahema, miungu, watu, mashua. Mwenye ngoma alizijua zote na aliweza kuzieleza moja baada ya nyingine. Sioni vibaya kusema kwamba ilikuwa aina ya kitabu, na wachunguzi kadhaa wa fasihi ya Wasami wameiona hivyo.

Tunajua jinsi ilivyosomwa kwa sababu mzee mmoja, Anders Poulsen, alilazimishwa kuisoma ngoma yake mbele ya mahakama huko Vadsø, Norwei, mwaka 1692. Alizieleza alama zake kwa utaratibu, na kati yake aliwataja Mungu, Kristo, Roho Mtakatifu na Mariamu. Alikuwa ameuingiza Ukristo aliousikia ndani ya kitabu chake mwenyewe. Waamuzi waliogopa kukata shauri, wakapeleka habari kwa wakubwa. Kabla jibu halijafika, mzee huyo aliuawa usingizini na mtu mwenye wazimu. Mwaka uliofuata, 1693, huko Arjeplog upande wa Uswidi, Lars Nilsson aliuawa na mwili wake ukachomwa moto pamoja na ngoma yake. Alikuwa ameipiga katika msiba, akitaka mjukuu wake aliyezama arudi kwenye uhai.

Ngoma ya Poulsen ilipelekwa Copenhagen, katika hazina ya vitu vya ajabu vya mfalme. Wasami waliipata kwa mkopo mwaka 1979, nayo ikakaa katika makumbusho ya Karasjok; ilirudishwa rasmi kuwa mali yao mwaka 2022 tu. Nyingine nyingi zilipotea. Thomas von Westen, aitwaye mtume wa Wasami, alikusanya ngoma kwa makumi, na sehemu kubwa iliteketea katika moto mkubwa wa Copenhagen wa mwaka 1728. Haki itendeke kwa von Westen: yeye ndiye aliyepigania kwa nguvu kwamba Wasami wahubiriwe kwa Kisami, akafungua shule ya kuandaa walimu huko Trondheim. Mtu mmoja alichukua ngoma kwa mkono huu na kuitetea lugha kwa mkono ule, wala yeye mwenyewe hakuona kwamba mambo hayo mawili yanapingana. Knud Leem aliendeleza kazi ya lugha, na sarufi yake ilitoka mwaka 1748. Lakini seminari ya lugha aliyoiongoza ilifungwa mwaka 1774, kwa kuwa wakubwa waliona afadhali Wasami wajifunze Kidenmark.

Pamoja na ngoma, yoiki nayo iliingizwa katika orodha ya dhambi. Yoiki ni uimbaji wa kale wa Wasami. Maneno yake huweza kuwa machache sana, na sehemu kubwa ikawa sauti tupu. Wenyewe husema kwamba mtu hapigi yoiki juu ya kitu, bali hukiimba kitu chenyewe, na mwenye yoiki si aliyeitunga bali yule anayeimbwa. Kwa kuwa noaidi aliimba yoiki, wachungaji walihukumu kwamba yoiki yote ni ya Shetani. Msomaji aliyekulia katika usharika ambao zamani ulikataza ngoma kanisani hahitaji maelezo zaidi.

Mchungaji na Wana wa Jua

Biblia ilifika kwa hatua. Agano Jipya kwa Kisami cha Uswidi lilitoka mwaka 1755, na Biblia nzima mwaka 1811. Katika Norwei, Nils Vibe Stockfleth alitoa Agano Jipya kwa Kisami cha Kaskazini mwaka 1840. Wakati huo huo Wasami wachache walikuwa wameanza kuwa wachungaji, na kati yao alikuwapo Anders Fjellner, aliyezaliwa mwaka 1795 na kutumika Sorsele hadi alipofariki mwaka 1876, akiwa kipofu katika uzee wake.

Fjellner aliandika tenzi zinazosimulia habari za Mwana wa Jua, aliyesafiri hadi nchi ya majitu, akamwoa binti wa jitu, na watoto wao wakawa mababu wa Wasami. Alisema alizisikia kwa wazee. Wataalamu wamebishana tangu hapo: je, alikusanya, au alitunga? Kwa maoni yangu ubishi huo umepewa uzito kupita kiasi. Elias Lönnrot naye aliunganisha na kuongeza alipotoa *Kalevala* ya Wafini mwaka 1835, wala hakuna anayewanyang'anya Wafini utenzi wao kwa sababu hiyo. La ajabu kwetu ni jingine. Mtu aliyepanda mimbarani kila Jumapili kuhubiri wokovu kwa neema ndiye aliyeketi jioni kuandika kwamba watu wake ni wana wa Jua, na hatuna dalili kwamba jambo hilo lilimsumbua.

Mwenzake Lars Levi Læstadius, mwenye damu ya Kisami upande wa wazazi, aliitazama nafsi yake kwa ukali zaidi. Alikuwa mchungaji wa Karesuando na mtaalamu wa mimea, tena aliandika kitabu kirefu juu ya imani za kale za Wasami. Mwaka 1844 alikutana huko Åsele na mwanamke wa Kisami, Milla Clementsdotter, ambaye ushuhuda wake ulimgeuza kabisa. Kutoka hapo ukazuka uamsho ambao hadi leo ni nguvu kubwa ya Kikristo kaskazini mwa Skandinavia. Alihubiri kwa Kifini na Kisami, akaipiga vita pombe kali iliyokuwa ikiwamaliza wachungaji wa reni, akatumia lugha ya nyikani na zizini. Uamsho huo uliilinda lugha ya Kisami katika nyumba za ibada wakati shule zilipoikataza. Lakini huo huo uliiona yoiki kuwa dhambi, na familia nyingi ziliacha kuimba.

Mfungwa wa Akershus

Tarehe 8 Novemba 1852 kundi la Wasami waliokuwa wameguswa na uamsho huo waliuvamia mji mdogo wa Kautokeino, Norwei. Walimwua mfanyabiashara aliyeuza pombe na afisa wa serikali wa mahali pale, wakamchapa viboko mchungaji Hvoslef, ambaye baadaye alikuwa askofu. Wasami wengine wa jirani ndio waliowazuia. Tarehe 14 Oktoba 1854 Aslak Hætta na Mons Somby walikatwa vichwa huko Alta. Mafuvu yao yalichukuliwa na wanasayansi. Yalizikwa mwaka 1997, baada ya miaka 143.

Ndugu yake Aslak, Lars Hætta, alikuwa na umri wa miaka 18 siku ya uasi. Naye alihukumiwa kifo, lakini kwa ajili ya ujana wake adhabu ikapunguzwa kuwa kifungo cha maisha. Akapelekwa ngome ya Akershus katika mji mkuu, mbali na theluji ya kwao. Humo gerezani msomi wa Kisami J. A. Friis alimtembelea, akagundua kwamba kijana huyu anaijua lugha kuliko profesa yeyote. Hætta akaanza kutafsiri Maandiko. Aliachiliwa mwaka 1867, akaendelea na kazi hiyo, na Biblia nzima ya Kisami cha Kaskazini ilipotoka mwaka 1895 sehemu kubwa ilikuwa ya mkono wake. Alifariki mwaka uliofuata.

Nimefikiri mara nyingi juu ya mtu huyu. Kanisa la dola lilikuwa limeshiriki katika hukumu iliyomwua ndugu yake. Naye alilipa Kanisa hilo Biblia. Wapo wanaosema alivunjwa moyo, akawa chombo tu. Mimi sioni hivyo, kwa sababu gerezani hakutafsiri tu. Yeye na mfungwa mwenzake Anders Bær waliandika pia kumbukumbu zao kwa Kisami: habari za maisha ya Kautokeino, za uamsho, na za yale yaliyowafikisha kwenye tarehe 8 Novemba. Maandishi hayo yalichapishwa baada ya wao kufa. Ni kati ya simulizi za kwanza ndefu ambazo Wasami waliandika juu ya mambo yao wenyewe kwa lugha yao wenyewe, na ziliandikwa na wafungwa waliojifunza nathari kwa kusoma na kutafsiri vitabu vya dini.

Simulizi la Turi na watu wa magazeti

Nusu ya pili ya karne ya 19 ilileta siasa ya kuwafanya Wasami kuwa Wanorwei. Maagizo ya mwaka 1880 na ya 1898 yaliisukuma lugha yao nje ya darasa, na sheria ya ardhi ya mwaka 1902 ilitaka mnunuzi wa ardhi ya serikali katika Finnmark awe anajua na kutumia Kinorwei. Uswidi ilipita njia nyingine. Kwa sheria ya mwaka 1913 watoto wa wafugaji wa reni walitengwa katika shule za mahema, wafundishwe kidogo tu ili wasitamani maisha mengine. Askofu wa Luleå wa wakati huo alikuwa mmoja wa waasisi wa mpango huo.

Katika giza hilo ndipo fasihi andishi ilipochanua. Gazeti la Kikristo *Nuorttanaste* lilianza mwaka 1898. Mwaka 1904 mwalimu Anders Larsen alianzisha *Sagai Muittalægje*, na humo mwaka 1906 Isak Saba, mwalimu mwenzake, akachapisha shairi ambalo Wasami wa nchi zote walilichagua kuwa wimbo wao wa taifa mwaka 1986. Wana wa Jua wa mchungaji Fjellner wamo ndani yake. Mwaka huo huo wa 1906 Saba alichaguliwa kuwa mbunge, Msami wa kwanza katika Bunge la Norwei. Larsen naye alitoa riwaya ya kwanza kwa Kisami mwaka 1912, juu ya kijana anayeuonea aibu Usami wake.

Aliyewapita wote ni mwindaji wa mbwa-mwitu, Johan Turi, aliyezaliwa Kautokeino mwaka 1854. Mwanamke wa Kidenmark, Emilie Demant, alikuja kujifunza maisha ya Wasami, akamtia moyo aandike, na mwaka 1908 walikaa katika kibanda kando ya ziwa Torneträsk akiandika huku yeye akipanga karatasi. *Muitalus sámiid birra*, yaani Simulizi la Wasami, lilitoka mwaka 1910 kwa Kisami na Kidenmark. Turi anasema wazi anamwandikia mtawala, ambaye huamua mambo ya Wasami bila kuyajua. Anaeleza kuchunga reni, tiba, yoiki, na pia uasi wa Kautokeino. Sentensi zake ni za msimulizi aliyeketi kando ya moto, na asiye Msami huanza kusoma akidhani ni rahisi.

Enontekiö tena

Shule ziliendelea kunyamazisha watoto kwa vizazi viwili zaidi. Sheria ya Norwei ya mwaka 1959 ndiyo iliyoruhusu tena Kisami kutumika darasani. Kirsti Paltto wa Finland alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka 1971. Mapambano dhidi ya bwawa la Alta, kati ya mwaka 1979 na 1981, yaliwaamsha vijana. Katika mwaka huo wa 1979 mwandiko mmoja wa Kisami cha Kaskazini ulikubaliwa kwa nchi zote tatu, na Bunge la Wasami wa Norwei likafunguliwa mwaka 1989.

Mwaka 1991 tuzo ya fasihi ya Baraza la Nordiki ilikwenda kwa Nils-Aslak Valkeapää kwa kitabu *Beaivi, áhčážan*, yaani Jua, Baba Yangu. Alizaliwa mwaka 1943 katika Enontekiö, pale pale Olaus Sirma alipokuwa mchungaji. Alikuwa ameirudisha yoiki hadharani tangu mwaka 1968, jambo lililowaudhi wacha Mungu wengi wa uamsho. Kitabu chake kimejaa mashairi na picha za zamani za Wasami, ambazo alizitafuta katika makumbusho ya nchi mbalimbali. Nyingi zilipigwa na wapimaji wa mafuvu na wasafiri. Yeye aliziweka pamoja kama mtu anayewarudisha jamaa nyumbani, na hakuruhusu zitiwe katika tafsiri.

Kanisa nalo limeanza kuzungumza. Sinodi ya Kanisa la Norwei ilikiri sehemu yake mwaka 1997, na Kanisa la Uswidi liliomba radhi katika kanisa kuu la Uppsala mwezi Novemba 2021, likiwa limekwisha kuchapisha uchunguzi mkubwa wa matendo yake. Biblia mpya ya Kisami cha Kaskazini ilizinduliwa mwaka 2019, na mahali palipochaguliwa ni Kautokeino. Kuhusu yoiki katika ibada, mjadala bado unaendelea, na wapinzani wake wakali ni Wasami wenyewe, watoto wa uamsho wa Læstadius. Wageni wenye haraka ya kutubu kwa niaba ya Kanisa mara nyingi husahau kuwauliza.

Katika *Beaivi, áhčážan* limo shairi moja, la 272, ambalo limeenea juu ya kurasa kadhaa. Maneno yake ni majina ya reni kwa rangi, umri na pembe, nayo yametawanywa kwenye karatasi kama kundi linalovuka uwanda wa theluji. Watafsiri wa vitabu vya Kinorwei na Kiingereza waliliacha bila kulitafsiri. Katika matoleo hayo msomaji huonyeshwa tu kwamba hapo lipo shairi, na anayetaka kulisoma hana budi kwenda kujifunza Kisami.